Uzi Mmoja Uliobaki: shajara ya kuieleza picha ya Tumaini kwa wasioona

11 Januari

Kikundi chetu hukutana Jumamosi mchana katika ukumbi mdogo hapa Kisumu. Tuko 9: sita hawaoni kabisa, wawili huona mwanga na vivuli tu, na mimi ndiye msomaji. Mwaka jana nilikuwa nikiwaletea vitu vya kupapasa, vinyago, vyungu, sanamu za mawe ya Kisii. Kabla hatujafunga mwaka, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mama ambaye uoni ulimtoka ukubwani, aliniambia: "Mwanangu, sasa tupe picha ya rangi. Na iwe na fumbo ndani, si maua kwenye chombo."

Nimechagua *Tumaini* ya Mwingereza George Frederic Watts. Ni picha ya istiara, wazo lililovikwa mwili wa mwanamke. Darasani tungesema ni tashihisi iliyochorwa. Watts aliichora mara mbili kwa kufuatana. Ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1886 katika Grosvenor Gallery, London, na sasa iko mikononi mwa watu binafsi. Ya pili aliitoa kwa taifa lake, na leo imo katika hazina ya jumba la sanaa la Tate, London. Hii ya pili ina kimo cha sentimita 142 hivi na upana wa 112, rangi ya mafuta juu ya turubai. Mimi natumia nakala iliyochapishwa, nimeibandika ukutani juu ya meza.

Lengo ni maelezo ya sauti ya dakika 12 kwa Kiswahili, yamwezeshe asiyeona kuijenga picha kichwani mwake, kisha abishane nayo. Hilo la kubishana ndilo ninalolitaka zaidi. Sipendi kumlisha mtu maana iliyokwisha kutafunwa.

Rasimu ya kwanza nimeiandika jioni hii:

"Mwanamke kijana ameketi peke yake juu ya tufe kubwa, mfano wa dunia. Hana viatu. Amevaa nguo nyepesi iliyomshika mwilini. Amefungwa kitambaa machoni. Ameinamisha kichwa kwa huzuni. Ana kinubi ambacho nyuzi zake zote zimekatika isipokuwa mmoja. Nyuma yake hakuna kitu ila anga tupu, rangi ya bluu inayoelekea kijani, na ukungu."

Nimeisoma kwa sauti mara mbili. Naona inatosha kuanzia.

18 Januari

Haikutosha.

Niliwasomea bila kutaja jina la picha, nikauliza: huyu ni nani? Kijana mmoja anayesomea sheria akajibu upesi, "Haki." Amesikia tangu utotoni kwamba Haki ni mwanamke aliyefungwa macho. Mama anayeuza samaki akasema huyu amefiwa, na nyuzi zilizokatika ni watoto wake. Mzee wetu, ambaye huchukua muda kabla ya kusema, alisema ni dunia yenyewe imechoka na inajikalia juu. Hakuna aliyesema Tumaini. Nilipolitaja jina, ukumbi ulinyamaza, halafu wakaanza kusema wote kwa pamoja.

Mwalimu mstaafu alisubiri mpaka makelele yapungue. "Umesema ameinamisha kichwa kwa huzuni. Kichwa kimeinama kuelekea wapi?"

Nikasema chini.

"Chini wapi? Magotini? Kifuani? Upande? Na huo uso wa huzuni umeuona vipi, nawe umesema macho yamefunikwa?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi nyumbani niliwasha taa na kusimama mbele ya ile nakala kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuitazama. Kichwa hakikuanguka kifuani. Kimelala upande, kuelekea kinubi, na sikio liko karibu kabisa na mti wake. Mkono mmoja umekikumbatia chombo, wa pili uko kwenye uzi. Mgongo wote umepinda ili kukifikisha kichwa pale.

Kwa hiyo sentensi yangu moja ilibeba mizigo miwili: kilichochorwa na nilichohisi. Asiyeona hana njia ya kuitenganisha, kwa sababu macho pekee aliyonayo juu ya picha hii ni maneno yangu. Nimefuta "kwa huzuni". Kuanzia leo kila sentensi ya rasimu itapita swali hilo: hiki kimechorwa, au nimekiongeza?

25 Januari

Wiki nzima nimekuwa nikitafuta Tumaini alichorwaje kabla ya Watts. Nilidhani nitamaliza kwa saa mbili.

Warumi walimchapa kwenye sarafu zao wakimwita Spes: mwanamke anayetembea, ameshika ua mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ameinua kidogo pindo la nguo yake. Ua ambalo bado halijawa tunda, hilo linaeleweka bila kufasiriwa. Wakristo walimpa nanga, kwa sababu Waraka kwa Waebrania unaliita tumaini nanga ya roho, na mtu yeyote aliyekaa kando ya maji, ya ziwa hili au ya bahari kule Mombasa, anajua chombo kisicho na nanga hufanywa nini na upepo wa usiku. Kisha kuna Giotto, mchoraji wa Italia. Karibu mwaka 1305, katika kanisa dogo la Scrovegni mjini Padua, alichora fadhila kwenye ukuta mmoja na maovu kwenye ukuta wa mkabala. Tumaini wake ana mabawa, anapaa, mikono yake inaifuata taji iliyo juu yake. Mkabala naye, ng'ambo ya kanisa, yuko Kukata Tamaa: mwanamke aliyejinyonga. Mwumini aliyepita katikati alikuwa na wanawake wawili wa kuchagua.

Watts ameviacha vyote. Hakuna ua, hakuna nanga, hakuna mabawa, hakuna taji. Na si kwamba hakuzijua alama hizo. Mtu aliyesoma sanaa Italia kwa miaka asingeweza kutozijua. Ameziweka kando, halafu akaenda kuazima alama za watu wengine.

Tufe ni la Bahati. Wachoraji wa Ulaya walimsimamisha Bahati juu ya mpira kwa sababu mpira hautulii. Kitambaa machoni nacho ni cha Bahati, kwa kuwa hagawi kwa kutazama nyuso. Ni cha yule mtoto wa Mapenzi mwenye upinde, anayefuma bila kulenga. Ni cha Haki. Na katika makanisa ya zama za kati kilikuwa cha Sinagogi. Huyo wa mwisho ananiuma. Katika kanisa kuu la Strasbourg, Ufaransa, kuna sanamu yake ya karne ya 13: mwanamke mzuri, macho yamefungwa, mkuki wake umevunjika, amewekwa pale awaambie wapita njia kwamba Wayahudi hawaioni kweli. Kitambaa kidogo tu, na kimetumika kuwadhalilisha watu kwa mamia ya miaka. Nitakuwa mwangalifu nacho.

Kwa hiyo kijana wetu wa sheria hakukosea. Aliisoma picha kwa kanuni ambazo mchoraji mwenyewe alikuwa anazivuruga. Aliyezijua alama za kale angekuwa na haki ya kusema huyu ni Bahati, au ni Haki, na angesema hivyo mpaka afike kwenye kinubi. Kinubi ndicho kinachoikatalia picha isiwe ya mwingine yeyote.

Nilijaribu kuandika jedwali la maana, tufe ni dunia, kitambaa ni kutojua, uzi ni kilichobaki. Lilisomeka kama majibu ya mtihani. Nimeliacha.

1 Februari

Umeme ulikatika saa nzima leo, hatukurekodi chochote. Tulizungumza gizani, ambako kwa wengi wao si tofauti.

Jambo moja kubwa lilitokea. Niliuliza wanapolisikia neno "kinubi" wanafikiria nini. Watatu walisema kinubi cha Daudi katika Biblia, kitu kirefu chenye nyuzi nyingi. Mmoja alifikiria gitaa. Mama wa samaki hakufikiria chochote. "Ni neno la kanisani tu," alisema. Nikaeleza chombo kilichochorwa: chini kuna kasha, kutoka kwenye kasha mikono miwili inapanda, na juu mti mmoja unaiunganisha ile mikono. Nyuzi zinatoka kwenye kasha mpaka kwenye mti wa juu.

Mzee akapiga paja. "Si useme nyatiti!"

Ndiyo. Ni jamaa moja kabisa. Kinubi cha Wayunani, ambacho Watts alikuwa akikiwaza, na nyatiti yetu Wajaluo, obokano ya Wakisii, krar ya Ethiopia, vyote vimejengwa kwa mpango huo: kasha, mikono miwili, mti wa juu. Nilikuwa nimezunguka kote Padua na Strasbourg, na chombo chenyewe kinatengenezwa kwa mjomba wangu huko Alego, Siaya.

8 Februari

Nimetoka Siaya usiku huu, na ninaandika kabla sijalala.

Nilikwenda na mwalimu mstaafu. Alisema hawezi kuachwa nyuma kwa jambo alilolianzisha. Mjomba ametengeneza nyatiti tangu ujana. Kasha analichonga kwa mti, analiwamba ngozi ya ng'ombe, na nyuzi ni nailoni za kuvulia samaki. Zamani, anasema, zilikuwa kano za ng'ombe. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, chombo kiko chini mbele yake, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mti. Nilimweleza ombi langu: nataka kusikia nyatiti yenye uzi mmoja.

Hakufurahi. "Nyatiti ina nyuzi 8. Yenye mmoja si nyatiti."

Akaanza kutusimulia kwa nini ni 8, hadithi ambayo nimeisikia tangu utoto bila kuitia maanani. Mtoto wa kiume akizaliwa huhesabiwa siku 4. Mwanamume akifa, siku 4 tena. Nne na nne. Wa kike ni 3. Ndiyo maana, kwa desturi, nyatiti ilikuwa ya wanaume. Siku hizi hilo limelegea, na mpigaji mwanamke aliyejulikana zaidi ametoka Japani, Eriko Mukoyama, ambaye Wajaluo wenyewe wanamwita Anyango. Mwalimu mstaafu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu: "Mzee, basi huyo mwanamke wa kwenye picha ameshika maisha ya mwanamume, na yamebaki sehemu moja ya nane?" Mjomba alifikiri. Alisema hilo sasa ni swali la kweli, akaenda kuchukua chombo.

Hii sitaiweka kwenye maelezo kama maana ya Watts. Watts hakuijua nyatiti wala hesabu yake, na kinubi chake hakikuwa chetu. Lakini nitaiweka kama alivyoiuliza yeye, kama swali la msikilizaji wa Kisumu. Picha ikifika kwa watu wapya, wana haki ya kuileta nyumbani, mradi waseme kwamba ni wao walioileta.

Mjomba alikataa kukata nyuzi. Alizilegeza saba, moja baada ya nyingine, kwa kuzungusha vifungo vya kitambaa kwenye mti wa juu, zikaning'inia. Akabakiza mmoja wa sauti nzito. Nikapiga.

Umbali wa hatua mbili, chini ya mwembe, karibu sauti haikuwepo. Ilikuwa tik, kisha kuku, kisha pikipiki barabarani. Nilipiga kwa nguvu zaidi, ikawa kelele tu ya nailoni. Nilianza kuhisi nimepoteza safari ya watu wawili.

Mwalimu mstaafu akaomba akipakate. Alipapasa kasha, akapanda na mikono miwili mpaka mti wa juu, akaupata uzi. Akapiga mara moja taratibu. Halafu, bila mimi kumwambia neno, akainamisha kichwa upande mpaka sikio na shavu vikagusa mti, akapiga tena. Akakaa hivyo. Akapiga tena.

"Hapa inasikika yote," alisema. "Njoo."

Nikaweka kichwa alipokuwa ameweka chake. Sauti haikupita hewani. Ilipita kwenye mti, ikaingia kwenye mfupa wa shavu, nzito, ndefu, ikiendelea muda mrefu baada ya kidole kuondoka. Kulikuwa na noti ya chini na juu yake nyingine ndogo ndogo, kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Pikipiki ilikuwa imetoweka. Nilipoinuka nilimtazama mama huyu ameketi kwenye kigoda cha mjomba, mgongo umepinda, shingo imelala, kichwa juu ya mti, na nywele zilinisimama. Nilikuwa ninaitazama picha.

Mtu mwenye nyuzi 8 anaweza kuketi wima na kucheza na kijiji kizima. Mwenye uzi mmoja, akitaka muziki, lazima apinde mgongo. Mkunjo ule ambao sote tuliusoma kama msiba ndio mkao pekee ambao uzi mmoja unaweza kusikika.

15 Februari

Juma hili nimerudi kwenye maandishi, kwa hofu kidogo, kwamba huenda nimejipendezea ugunduzi. Nimeipata barua ya Watts mwenyewe, ya Desemba 1885, kwa rafiki yake Madeline Wyndham, picha ikiwa bado kazini. Anamwambia anamchora Tumaini ameketi juu ya tufe, macho yamefungwa, anapiga kinubi ambacho nyuzi zote zimekatika isipokuwa mmoja, na kutoka katika mlio huo mdogo wa kusikitisha anajaribu kupata muziki wote unaowezekana, akiisikiliza kwa nguvu zake zote ile sauti ndogo. Kisha anamuuliza kama wazo hilo linampendeza.

Akisikiliza kwa nguvu zake zote. Nilimpigia simu mwalimu mstaafu nikamsomea. Alinyamaza, halafu akasema, "Nisomee tena."

Na haishangazi kwamba ni Watts aliyeliona hilo. Baba yake alikuwa fundi wa piano, na mtoto alizaliwa tarehe 23 Februari 1817, siku ya kuzaliwa ya Handel, akapewa majina yake, George na Frederic. Alikulia katika nyumba ambamo nyuzi zilikuwa kazi ya baba. Nadhani mtu wa nyumba ya namna hiyo anajua sikio huwekwa wapi.

Lakini wasomaji wakubwa wameiona vingine. G. K. Chesterton, mwandishi Mwingereza aliyeandika juu ya Watts mwaka 1904, alisema mtu akiiona picha hii mara ya kwanza angedhani jina lake linalofaa ni Kukata Tamaa. Martin Luther King, katika mahubiri yaliyochapishwa mwaka 1963 juu ya ndoto zinazovunjika, alimtaja huyu mwanamke na kusema kichwa chake kimeinama kwa huzuni. Maneno yale yale niliyoyafuta kwenye rasimu yangu! Nilisimama hapo muda mrefu. King alijua kukata tamaa na kutumaini kuliko mimi nitakavyowahi kujua. Kama yeye aliona huzuni, mimi ni nani?

Nimefikia hapa: huzuni ipo, ila haiko shingoni. Iko kwenye nyuzi zilizokatika na kwenye anga lisilo na mtu. Watts alianza picha hii katika kipindi kigumu, nyumba ya binti yake wa kulea ikiwa imepoteza mtoto mchanga, na asingeweza kuchora furaha. Kichwa kinafanya kazi nyingine. Nitaeleza mkao wa kichwa kwa usahihi, nitaeleza utupu kwa usahihi, na nitawaambia wasikilizaji kwamba King alisoma hivi na mchoraji aliandika vile. Wapime wenyewe.

22 Februari

Leo tuligombana, kwa maana nzuri ya neno hilo.

Katika rasimu ya nne niliandika: "Kitambaa machoni kinaonyesha kwamba Tumaini haioni kesho; yumo gizani." Kijana wa sheria akanikatiza. "Mwalimu, kwa nini kutoona kuwe ndiyo alama ya shida yake? Mimi sioni. Siko gizani. Sijui giza ni nini." Mwingine akaongeza kwamba yeye hajafungwa kitambaa na mtu. Kitambaa hufungwa na mtu na hufunguliwa na mtu, upofu haufunguliwi. Picha, kwao, ilikuwa inazungumza na wenye macho juu ya woga wa wenye macho.

Nilitaka kumtetea Watts, nikaona sina la kutetea. Ni kweli. Istiara hii imejengwa na watu wanaoona, kwa watu wanaoona, na yule wa Strasbourg ni ushahidi wa madhara yake. Lakini mama wa samaki alikuwa na neno. Alisema huyu mwanamke amefungwa macho na hajainua mkono kukifungua kitambaa. Mikono yake yote miwili iko kwenye kinubi. "Kama kitambaa kingekuwa shida yake kubwa, mkono mmoja ungekuwa juu."

Niliitazama nakala. Mikono yote miwili, naam. Hilo nililitazama miezi miwili bila kuliona.

Sentensi mpya tuliyoiandika pamoja ukumbini: "Kitambaa cheupe kimezunguka kichwa na kufunika macho. Katika sanaa ya Ulaya kitambaa hiki kilitumika kumaanisha kutojua, na mara nyingine kilitumika kuwadharau watu. Hapa mwanamke hakigusi. Mikono yake iko kwenye kinubi." Basi. Hakuna giza.

1 Machi

Fupi leo, nina mafua.

Swali la Obama. Siwezi kuizungumzia picha hii hapa, si mbali sana na Kogelo, kijiji cha baba yake, nikamwacha nje, na kila mtu kikundini amelitaja jina lake angalau mara moja. Njia ni hii: mpigapicha Frederick Hollyer aliisambaza *Tumaini* kwa nakala, ikaingia majumbani mbali na London. Miaka mia baadaye mchungaji Jeremiah Wright wa Chicago aliihubiri, mwanamke aliyechakazwa anayethubutu kuupiga uzi uliobaki. Barack Obama alikuwa muumini wa kanisa lake, na tarehe 27 Julai 2004 kule Boston aliisema kauli hiyo mbele ya taifa: ujasiri wa kutumaini.

Nimeipa sentensi mbili kwenye maelezo na si zaidi. Ikikaa muda mrefu, picha inageuka kuwa habari ya siasa, na wasikilizaji wangu wanaacha kumsikiliza yule mwanamke.

8 Machi

Tumerekodi. Tulifunga madirisha, tukatundika mablanketi matatu ukutani kuzuia mwangwi. Jina la picha tuliliweka mwisho wa dakika ya 4, baada ya maelezo ya kilichochorwa na kabla ya historia. Tulipiga kura, sita walitaka liwe hapo. Mzee alitaka liwe neno la mwisho kabisa, na bado anaamini hivyo.

Sehemu ya katikati sasa inasomeka hivi:

"Ameketi juu ya tufe, miguu mitupu imekunjwa. Hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna mtu mwingine. Katika picha ya kwanza kuna nyota moja ndogo juu. Mwanamke haitazami, wala hawezi kujua kwamba ipo. Kinubi kiko ubavuni mwake. Kina kasha, mikono miwili na mti wa juu, kama nyatiti. Uzi mmoja umekazwa. Mkono mmoja umekishika chombo, kidole cha mkono wa pili kiko kwenye uzi. Mgongo umepinda, shingo imelala upande, na sikio limefika karibu kabisa na mti."

Baada ya hapo hakuna maneno kwa sekunde 20. Ni nyatiti ya mjomba. Niliibandika maikrofoni kwenye mti wa juu kwa utepe, si mbele ya kasha, ili msikilizaji aupate uzi pale sikio la mwanamke lilipo. Aliyepiga ni mwalimu mstaafu. Alipiga mara tano tu, akiacha kila mlio uishe wenyewe kabla ya kupiga mwingine.

15 Machi

Tumesikiliza wote kwa mara ya kwanza, tukiwa na wageni 4. Masahihisho: dakika ya 2 nimesema "kama unavyoona", litaondolewa leo. Honi ya matatu inasikika dakika ya 9, nitarekodi upya aya hiyo. Kijana wa sheria anataka Strasbourg irefushwe kwa sentensi moja isemayo waziwazi ni akina nani waliodharauliwa, na yuko sahihi. Mzee anasema nyota itajwe baada ya kinubi, kwa sababu akishaisikia nyota anaacha kufuatilia kingine. Hilo nitalijaribu kesho asubuhi.

Mjomba alipiga simu kuulizia chombo chake. Nilimwambia nahitaji juma moja zaidi. Akasema sawa, ila nisizikaze nyuzi saba mwenyewe, nimwachie.